Msimpokee Kufuli

Kila ninapomweleza mtu kazi niliyoifanya maisha yangu yote, hunikatiza kabla sijamaliza. "Aa, ya nini kusoma miaka yote hiyo? Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe! Basi, umemaliza." Nimeambiwa hivyo na shemeji zangu, na muuza mkaa wa mtaani kwetu Shinyanga, na hata msomi mmoja aliyekuwa akinihoji kwa nafasi ya kazi. Zamani nilikuwa nabisha mpaka mishipa inanitoka shingoni. Siku hizi nauliza swali moja tu: na ikiwa kila mgeni akilishika hilo jembe, mtu mwenye adabu zake anakuja kulichukua mkononi mwake, je?

Nimefundisha chuoni na kutafiti jambo moja: mtu akiajiriwa, inakuwaje mpaka awe wa pale. Siku ya kwanza hajui hata choo kiko wapi. Baada ya muda ndiye anayemwelekeza mwingine. Katikati hapo kuna nini? Nimekaa na manesi wapya, walimu wapya, makarani wapya, na vijana wa migodini wenye ovaroli ambazo bado zina mikunjo ya dukani. Mtu akiwa mgeni kazini ana macho fulani, anakitazama kila kitu kama kitamuuma. Macho yale mimi nayapenda, Mungu anisamehe, na sijawahi kuchoka kuyatazama.

Mimi ni mtoto wa Shinyanga mjini. Baba alikuwa Mzaramo, fundi cherehani aliyekuja bara kutembea akasahau kurudi. Mama alikuwa Msukuma wa Tinde. Wazaramo na Wasukuma ni watani, maana yake wana ruhusa ya kusemana lolote, na atakayekasirika ndiye mwenye aibu. Kwetu watani walikuwa wameoana, kwa hiyo sahani haikufika mkekani bila maneno. Mama akiweka ugali, baba anauliza kama ni chakula au ni kichuguu kimehamia ndani. Baba akiomba nazi kwenye mboga, mama anamwambia arudi kwao akapande mti. Walicheka hivyo mpaka uzeeni. Ulimi nilionao niliurithi pale, na umenipeleka pabaya mara nyingi, lakini kuna mara moja ulinipeleka pazuri.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kufundisha sekondari, huko huko Tinde kwa wajomba. Mwanzoni walimu wenzangu walinipisha viti, wakaniita madamu, wakanitabasamia. Nikadhani nimependwa. Sikujua kwamba wanafunzi hawasikii neno ninalosema, kwa sababu nilikuwa nafundisha nimegeukia ubao kwa woga. Wenzangu wote walijua, hakuna aliyesema. Siku moja mwalimu wa taaluma, mama mmoja mnene mwenye sauti ya kuita ng'ombe, alipita dirishani akasimama. "We binti! Unaoana na huo ubao? Geuka!" Darasa zima likacheka. Nililia chooni, kisha nikarudi nikageuka. Toka siku ile nafundisha nikiwatazama watu usoni, na kila Idi nilimpelekea mama yule kitenge mpaka alipofariki, ingawa yeye alikuwa mtu wa kanisani. Namshukuru mpaka kesho.

Shahada ya uzamivu nilikuja kuisoma nikiwa mtu mzima, wanangu wameshakuwa wakubwa. Mgodi mmoja wa ukanda wa Geita ulinikubalia nikae na waajiriwa wapya kwenye kipindi chao cha majaribio. Masharti yalikuwa mawili. La kwanza, nivae helmeti muda wote. La pili lilikuwa la msimamizi wangu wa chuoni, profesa mkali kweli kweli: niangalie, nisikilize, niulize, lakini nisitie mkono. "Ukitia mkono," aliniambia, "utakuwa unatafiti mkono wako." Nikaitikia, ndiyo profesa. Mimi huyu.

Nilipangiwa kundi la mtambo wa kusaga mawe. Kiongozi wa shifti alikuwa binti wa Musoma, hajafika hata thelathini, mwembamba, mwenye akili kama wembe. Chini yake walikuwa vijana wa kila mahali: Mbeya, Tanga, Kigoma, na wenyeji. Na katikati yao alikuwepo mwajiriwa mpya mmoja aliyevuka hamsini. Huyo alikuwa Msukuma wa Samuye. Alikuwa fundi wa mitambo kwenye kiwanda cha kuchambua pamba mpaka kiwanda kilipofungwa, akarudi kulima na kufuga, na sasa mgodi ulikuwa umemchukua kwa sababu anazielewa mashine. Mrefu, mpole, nywele zimeanza mvi. Kijijini walimuaga kwa kuchinja. Kitindamimba wake alikuwa sekondari na alikuwa ameshawaambia wenzake wote kwamba baba yake anafanya kazi mgodini.

Siku ya kwanza tu nikaona tatizo, lakini sikulijua jina lake.

Asubuhi mzee anaingia. Vijana wote: "Shikamoo mzee!" Yeye, akiongeza na salamu ya Kisukuma: "Marahaba wanangu, mwangaluka." Vizuri. Anashika koleo. Kijana mmoja anaruka, "Lete mzee, nikupokee." Anachukua koleo. Mzee anashika mpira wa maji. Mwingine, "Aa, mzee wetu, utalowa." Anachukua mpira. Anasogea kwenye vibonye vya mtambo, wanamletea kiti. Kiti! Kwenye mtambo wa kusaga mawe!

Tuelewane. Vijana wale hawakuwa na ubaya hata chembe. Walikuwa wamelelewa. Kwetu ukikutana na mtu mzima amebeba kitu, unampokea mzigo, hata kama ni kifurushi cha chumvi. Ukimpita hivi hivi, watauliza wewe ni mtoto wa nani. Na mtu mzima naye akikataa kupokewa, ni kama anakuambia hukufunzwa kwenu. Kwa hiyo mzee akawa anaachia. Koleo, mpira, ufagio, kila kitu kikimfika mkononi kinaondoka. Alikuwa anaheshimiwa kutwa nzima na hajifunzi kitu.

Na akikosea? Hakuna wa kumwambia. Yule binti wa Musoma aliwakaripia wenzake mpaka helmeti zinatikisika, lakini akifika kwa mzee sauti inashuka. "Mzee wangu, samahani, naomba, kama hutojali, labda..." Mpaka afike mwisho wa sentensi, mtambo umeshapita hatua nyingine. Nilimuuliza kwa nini hamwambii wazi. Akanishangaa. "Mama, yule ni sawa na baba yangu mzazi. Nimkaripie baba yangu mbele za watu?"

Nilimhoji mzee mwenyewe siku moja tukiwa tumekaa nje ya kantini, nikaanza kwa kumweleza habari za baba yangu Mzaramo. Alikuwa anazungusha helmeti mikononi. "Mwalimu," akasema, "hapa naheshimiwa mpaka naumia. Nyumbani nikishika jembe hakuna anayelichukua. Hapa hata ufagio sijaushika ukamaliza kona moja." Nikamuuliza kwa nini asikatae. "Nikatae vipi? Niwaaibishe watoto wa watu?" Kisha akatazama vumbi. "Siku ya mtihani wa kumaliza majaribio hao vijana hawatakuwepo kunishikia. Nikirudishwa Samuye nitasema nimeshindwa na nini? Na heshima?"

Nilitamani kumshika mkono nimpeleke kwa yule binti tuyamalize. Nikakumbuka maneno ya profesa, nikarudi kukaa. Roho iliniuma sana.

Hapo lazima nieleze habari ya kufuli, maana ndilo lililokuwa limebeba ajira ya yule mzee, na uhai wake pia. Pale mtamboni mawe husafiri juu ya mkanda mrefu wa mpira. Mengine humwagika chini, na lazima watu waingie chini ya mkanda kuyazoa. Kabla hujaingia unakwenda kwenye swichi kuu, unaizima, unaifunga kwa kufuli lako lenye jina lako, na ufunguo unautia mfukoni mwako mwenyewe. Mkiingia wanne, yanafungwa makufuli manne, na swichi haiwashiki mpaka la mwisho litolewe. Kufuli la mtu halifungwi na mwingine. Hata awe mwanao wa kumzaa.

Basi, siku hiyo kundi liliitwa kuzoa mawe. Mzee akatoa kufuli lake. Kijana wa Tanga, mtoto mwema sana, akanyoosha mkono: "Lete mzee, nikufungie, wewe tangulia taratibu." Mzee akampa. Kijana akaondoka nalo, njiani akaitwa kwenye redio akashike kazi nyingine, akalitia kufuli mfukoni akakimbia. Mzee alishainama chini ya mkanda upande wa mbali, anazoa zake mawe, ametulia. Wenzake wakamaliza upande wao, wakatoa makufuli yao. Swichi ikabaki tupu. Honi ya kuwasha mtambo ikalia.

Yule binti wa Musoma aliona buti mbili zimechungulia chini ya mkanda. Sijawahi kusikia mtu akipiga kelele vile. Aliivuta kamba ya dharura kwa mikono miwili mpaka akaanguka chali. Mkanda haukuzunguka. Mzee akatoka chini kule na koleo lake, anauliza, "Kuna nini?" Alipoambiwa, aliketi chini kwenye mawe. Yule kijana wa Tanga alilitoa kufuli mfukoni, akalitazama, akaanza kulia waziwazi kama mtoto.

Afisa usalama hakuwa na maneno mengi. Kijana alipewa onyo. Mzee naye alipewa onyo, kwa sababu sheria inasema kufuli ni lako na aliyelitoa mkononi ni wewe. Mtihani wake wa mwisho ulikuwa umekaribia: ataonyesha peke yake kazi ya kuzima, kufunga, kusafisha na kuwasha. Akikosa hatua moja, mkataba umeishia hapo. Nilidhani sasa vijana watamwacha ajifunze. Wapi! Walimwonea huruma zaidi. Sasa hata helmeti walitaka kumvalisha.

Ndipo ikafika chai ya asubuhi iliyofuata. Tulikaa kwenye mabenchi ya kantini, watu wamenyong'onyea. Mzee akanyoosha mkono kuchukua chupa ya chai. Kabla hajaigusa, mikono miwili mitatu imeshafika. "Lete mzee, nikumiminie."

Jamani. Sikupanga. Nilifungua mdomo tu, na sauti iliyotoka ilikuwa ya baba yangu kabisa.

"Mwacheni Msukuma huyo ajimiminie! Mikono imeswaga ng'ombe mpaka imeota sugu, leo inashindwa na chupa ya chai? Kesho si mtamtafunia na chapati!"

Kijana mmoja alibaki na kikombe hewani. Binti wa Musoma alinitazama kama nimevua nguo mbele za watu. Na mimi mwenyewe nikajisemea, umekwisha, mwanamke, pakia virago.

Mzee akageuza shingo polepole. Akanitazama juu mpaka chini. "Nani amemfungulia geti Mzaramo huyu?" akauliza. "Ndiyo maana tangu asubuhi nasikia harufu ya nazi. Watu mnalala chini ya mnazi mnasubiri idondoke, halafu mnakuja huku kutufundisha kazi?"

"Afadhali yetu inadondoka," nikamjibu. "Ugali mnaokula nyie, ukitandazwa barabarani lami inafika Mwanza."

"Na ngoma mnazocheza nyie, mngekuwa mnalima muda huo, nchi hii ingevaa pamba bure!"

Weee! Kantini ilipasuka. Watu walicheka mpaka wakashika meza. Mzee mwenyewe alicheka, na ndiyo mara ya kwanza nikaona meno yake. Akiwa bado anacheka akaivuta chupa, akajimiminia chai, ikamwagika kidogo, akaifuta kwa kiganja. Hakuna aliyenyoosha mkono.

Binti wa Musoma alinifuata nje. "Mama, ulipata wapi ruhusa ya kumsema vile?" Nikamwambia, yule ni mtani wangu, ruhusa nimezaliwa nayo. Akasema kwa huzuni, "Mimi sina utani naye. Kwangu ni baba tu." Akasimama kidogo, anachora chini kwa ncha ya buti. "Kwetu mtu pekee niliyekuwa namsema nitakavyo alikuwa babu yangu. Nilikuwa namwita mume wangu. Akivaa shati kinyume namwambia talaka yako iko njiani." Akacheka peke yake. Kisha akaacha kucheka, akaniaga akaenda.

Kesho yake, kwenye kikao cha usalama cha asubuhi, watu wote wamesimama duara, binti yule alijisogeza mbele. "Mzee," akasema, "kama wewe ni baba yangu, siwezi kukukaripia, na nisipokukaripia utarudi kwenu au utakufa mikononi mwangu. Naomba kuanzia leo uwe babu yangu."

Kwa Msukuma, kama ilivyo kwa wengi wetu, baba anaogopwa, babu anachezewa ndevu. Mzee alikuwa anaombwa avue cheo mbele ya vijana wote.

"Yaani niwe guku wako," akasema mwishowe, kwa Kisukuma chake.

"Ndiyo, guku."

"Haya. Wajukuu ninao tayari, mmoja zaidi hanishindi. Lakini mjukuu humpikia babu yake."

"Babu asiyejua kufunga kufuli lake atakula nini?" binti akamrudishia papo hapo. "Nenda kwenye swichi, mume wangu, nikuone!"

Toka saa ile ilikuwa shughuli. "Babu, kufuli liko wapi? Umemwachia bibi?" "Babu, umeruka hatua, rudi mwanzo!" "Babu, honi kwanza, au unataka kutuua tutakaokurithi?" Vijana wote wakageuka wajukuu, na wajukuu hawana huruma. Mzee naye akawajibu. Kijana wa Tanga alimwambia anakwenda taratibu kama kinyonga, mzee akamwambia afadhali kinyonga anajua anakokwenda na kilichomo mfukoni mwake. Kijana alicheka, na nadhani siku ile ndipo alipojisamehe. Ilikuwa kelele tupu, na katika kelele zile yule mzee alikuwa anajifunza kazi. Nilimwona anazirudia hatua peke yake wakati wa mapumziko, midomo inachezacheza, mkono unafunga kufuli ambalo halipo.

Siku ya mtihani afisa usalama alikuja na mwenzake kutoka ofisini. Sisi wengine tuliamriwa tusimame pembeni. Mzee alizima. Akatazama pande zote. Akatoa kufuli lake. Na hapo hapo, Mungu wangu, kijana mmoja wa kundi, kwa mazoea tu ya malezi yake, mkono ukamtoka: "Lete..."

Afisa usalama aliinua macho. Binti wa Musoma alifumba yake.

Mzee alilikumbatia kufuli kifuani. "Mjukuu wangu," akasema kwa upole, "hili halipokelewi."

Akalifunga mwenyewe, akavuta mara moja kuhakikisha, akatia ufunguo mfukoni, akaingia chini ya mkanda. Alisafisha, akatoka, akahesabu watu, akafungua, akapiga honi, akasubiri, akawasha. Mkanda ulianza kuzunguka taratibu na mawe yakapanda. Afisa usalama alimpa mkono. Basi. Ameajiriwa.

Vijana walimbeba. Walipomshusha, yule binti akamwendea. Nilitegemea kejeli nyingine, labda ya talaka. Hapana. Alivua helmeti yake, akapiga magoti kwenye vumbi lile, akainamisha kichwa. "Shikamoo, baba."

Mzee alimwitikia, "Marahaba, mwanangu. Wabeja sana, asante." Akamwinua. "Lakini kesho unikaripie kama kawaida."

Nililia, sikujificha.

Profesa wangu nilimsimulia yote. Alisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani. "Hadithi nzuri sana," akasema. "Kundi hilo liondoe kwenye tasnifu. Ulitia mkono." Nilimbishia. Nilimwambia sikutia mkono, nilitia mdomo. Hakucheka. Nilitoka ofisini mwake nimefura, nikatembea mpaka stendi bila kuona njia. Kazi yangu yote ya mtambo wa kusaga mawe ilitolewa, na tasnifu ikapita ikiwa nyembamba. Leo nasema alikuwa na haki, na namshukuru kwa ukali wake. Yeye pia alinikaripia badala ya kuniwekea kiti. Na ile sehemu aliyoikata ndiyo iliyonipa swali la maisha: heshima yetu inamfanyaje mtu mzima anayeanza kazi upya, na nani ataruhusiwa kumfundisha? Nimelifuata swali hilo hospitalini, viwandani, halmashauri, mpaka nikastaafu. Limenilisha, limesomesha wajukuu zangu, limenifikisha nisikotarajia, binti wa fundi cherehani mimi. Alhamdulillahi.

Nilidhani yameisha. Mwaka huu, baada ya kustaafu, chuo kimoja kidogo cha Ushirombo kiliniomba nikasaidie kufundisha. Mkataba wa majaribio kwanza, halafu tutaona. Nikaenda kwa furaha zote. Getini mlinzi akaniamkia akapokea begi langu. Ofisini binti wa kompyuta akaniamkia akaniwashia kompyuta. Siku hizi alama za wanafunzi zinaingizwa kwenye mfumo, na mfumo huo sikuujua hata kidogo. Nikigusa tu, binti anasogea: "Shikamoo profesa, niachie mimi." Ananiingizia, anatabasamu, anaondoka. Mkuu wa idara, ambaye umri wake ni wa mwanangu wa mwisho, aliona alama za darasa langu zimekosewa, akazisahihisha kimyakimya, hakuniambia. Nilizigundua mwenyewe. Nikajua mkataba ukiisha wataniaga vizuri sana, wataninunulia kanga, na hawatanirudisha.

Nilikaa pale kwenye kiti nilicholetewa, nikaogopa. Kweli niliogopa. Umri wote huu naandika habari za wageni kazini na sasa nilikuwa nayo yale macho.

Nikampigia simu mzee wa Samuye. Naye ameshastaafu, ana ng'ombe wake na wajukuu wa damu. Nikamweleza. Alicheka mpaka akakohoa. "Kumbe hata nazi huzeeka! Mzaramo, si ulinisema mimi? Sasa nani atakusema wewe, na Ushirombo ni kwa Wasumbwa, huna mtani huko?" Halafu akasema taratibu, "Tafuta mjukuu."

Kesho yake nilimwita yule binti wa kompyuta. Nikamwambia kuanzia leo mimi si profesa wake, mimi ni bibi yake, na bibi anayekosea anasemwa. Aliona haya, akaficha uso kwa mtandio. Siku ya kwanza alininong'oneza. Ya pili aliguna. Wiki iliyofuata nilibonyeza tena palepale aliponikataza, alama za darasa zima zikapotea kwenye kioo, na yule mtoto mpole akaruka kutoka kitini.

"Ala! Bibi! Si nimekwambia usiguse hapo? Unasikiliza kwa kisigino? Anza upya!"

Ofisi nzima iligeuka. Yeye mwenyewe alijiziba mdomo kwa mikono miwili, macho yamemtoka. Mimi nilikuwa nacheka na machozi yananitoka, na nikaanza upya, alama moja moja, yeye amesimama nyuma yangu amefumbata mikono yake asije akaisogeza. Jioni zilikuwa zimeingia zote.

Nilipotoka, mlinzi wa getini alikuja mbio kama kawaida yake, mkono umenyooshwa kwenye begi. "Shikamoo profesa, lete nikupokee."

Nikalikumbatia. "Marahaba, mjukuu wangu," nikamwambia. "Hili halipokelewi."